Suruali Yenye Mishono Mitatu

Majirani zangu, na nyinyi wa mitaa ya mbali mnaopenda kusikia habari za watu, karibuni. Hii ni habari ya nyumbani kwetu. Mwenyewe amenipa ruhusa niisimulie, tena amenisisitizia nisifiche kitu. "Sema yote, dada," aliniambia, "ila usisahau kuwaambia kwamba suruali ilishonwa vizuri." Basi naanza na hilo. Suruali ilishonwa vizuri sana.

Mdogo wangu ni fundi cherehani. Duka lake na langu yanatenganishwa na ukuta wa mbao. Yeye anashona, mimi nauza nyuzi, vifungo, zipu na pini. Watu wamempa jina la Nusu Inchi, kwa sababu hajawahi kumsamehe mtu nusu inchi. Mteja mpya akiingia pale, hata kama anataka kaptura ya kufyekea majani, atapimwa kuanzia shingoni hadi kwenye kifundo cha mguu, na maswali juu. Kazini unakaa au unasimama? Bega hili liliumia lini? Mfukoni unaweka nini, simu au nyundo? Wengine hukasirika wakasema wamekuja kushonewa, si kuhojiwa. Yeye huwajibu kwamba hawezi kumkatia nguo mtu asiyemjua. Kila kipimo anakiandika kwenye daftari kubwa lenye jalada jekundu, na daftari hilo halitoki dukani.

Kinachomkera kuliko vyote ni mwanamume anayebana tumbo akizungushiwa futi ya kupimia. Nusu Inchi husimama tu, mikono kiunoni kwa mtu, akangoja. "Pumua, bwana," humwambia. "Ukiidanganya futi, utauvaa uongo wako." Nimeusikia msemo huo kupitia ukuta wa mbao kwa miaka ishirini na miwili, mpaka nikaweza kujua siku yake ilivyo kwa namna anavyoutamka.

Asubuhi zetu zilikuwa za amani. Yeye anafungua mlango, mimi nafungua wangu, cherehani inaanza kunguruma, naye anapiga mluzi wimbo mmoja ambao hajawahi kuumaliza. Wanangu wamekua wakiusikia mluzi ule, na hakuna anayejua mwisho wake.

Basi Jumamosi moja wifi yangu, mke wa Nusu Inchi, aliingia dukani kwangu na suruali kwapani. Hakuamkia.

"Wifi, una nafasi?"

"Kwako siwezi kukosa. Kuna nini?"

Aliitandaza suruali juu ya sanduku la vifungo, akaigeuza ndani nje. Nyuma kiunoni palikuwa na mishono mitatu, mmoja ndani ya mwingine. Wa kwanza wa uzi mweusi, wa pili wa kahawia, wa tatu wa kijivu. Nyuzi zote tatu zilitoka kwangu.

"Nilikuwa naifua," alisema, "nikaona kiuno kimekuwa kinene mkononi. Nikaenda kabatini nikazigeuza zote. Suruali sita, wifi, na zote kazipunguza mara tatu. Mashati kayabana ubavuni. Mwaka mzima nalala na mtu anayepungua, na mimi nasifu jinsi nguo zinavyomkaa!"

Hapo ndipo nataka mnielewe, kwa sababu kosa hili lisingefanywa na mwashi wala dereva. Mtu mwingine akikonda, nguo zake humsema. Suruali inamlegea, mkanda unatobolewa tundu jipya, na kabla ya wiki mbili mtaa mzima unauliza kulikoni. Mdogo wangu alikuwa na sindano. Kila mwili ulipopungua, aliziwahi nguo kabla hazijafungua mdomo. Alijishonea siri, akaivaa, akatoka nayo barabarani akisalimia watu.

Msidhani namlaumu peke yake. Mimi nilikuwa wapi? Ukuta ule wa mbao una nyufa, na mimi si mtu wa kutochungulia. Nililiona dumu lake la maji la lita tano likiisha kabla ya saa sita mchana. Nilimsikia akienda msalani na kurudi, akienda na kurudi, mpaka wateja wakamtania kuwa ana shamba huko nyuma. Alianza kuniita nimtungie uzi kwenye sindano, akidai taa imefifia. Nikambadilishia balbu. Mara mbili! Balbu ilikuwa nzima, na mimi moyoni nilijua kuwa ni nzima.

Sikuuliza kwa sababu ya majivuno ya ukoo wetu. Baba yetu naye alikuwa fundi. Alifia kwenye meza ya kukatia, mkasi mkononi, kitambaa kikiwa nusu. Kila ndugu tulipokutana tulilisimulia hilo vifua mbele. "Sisi hatuugui," tulisema. "Sisi tunafanya kazi mpaka siku ya kufa." Watu wakicheka, sisi tunacheka zaidi. Hospitali kwetu ilikuwa ya kujifungulia na ya kwenda kuwatazama wagonjwa wa watu. Mtu mzima kujipeleka kwa daktari akapimwe mwili wote akiwa anatembea kwa miguu yake, hilo tuliliona kama kujiitia mkosi.

Tuliingia dukani kwake wote wawili. Nusu Inchi akainua kichwa.

"Mbona mmekuja kwa pamoja? Kafa nani?"

"Bado," alisema wifi, akaiweka suruali juu ya cherehani.

Aliitazama. Akapitisha kidole gumba juu ya mshono wa tatu. "Huu wa kijivu umekwenda upande kidogo," alisema.

"Baba watoto, tunakwenda kwa daktari."

"Kufanya nini? Nakula, nafanya kazi, sijalala kitandani. Nimepungua kidogo, basi. Wenzangu wanakimbia barabarani alfajiri wakitafuta hiki nilichokipata nimekaa. Mimi hospitali sijaikanyaga tangu nizaliwe, na sitaanza leo."

Aliyatamka hayo kama mtu anayetaja cheo chake. Nilikaribia kuitikia, mnajua mazoea. Lakini wifi alikwisha nyoosha mkono kwenye rafu, akalichukua lile daftari jekundu. Kulishika daftari lile bila ruhusa ni ugomvi. Akalifungua, akafunua kurasa moja moja, taratibu.

"Unatafuta nini humo?"

"Ukurasa wako." Akafunua tena. "Muuza nyama yumo. Mwalimu mkuu yumo. Yule marehemu uliyemshonea suti ya kuzikiwa naye yumo. Umempima kila mtu mtaani hapa, mume wangu. Wewe nani amekupima?"

Nusu Inchi alizungusha futi kidoleni, akaikunjua, akaizungusha tena.

"Jumatatu," alisema mwishowe. "Nakwenda ili mnyamaze."

Siku hiyo alivaa koti lake la sufu lenye mabega ya kujazwa, soksi mpya, viatu vya kung'aa. Ukimwona ungesema anakwenda kuozesha binti. Wifi alibeba mkoba mkubwa ambao hakutaka kusema una nini. Mimi nilifunga duka nikafuata, nikijiambia nawasindikiza tu.

Kituo cha afya kilikuwa na mabenchi marefu na karani mpole aliyemfungulia faili jipya. Jina, umri, kazi, namba ya simu ya ndugu wa karibu. Kisha muuguzi, mama mmoja mwenye sauti ya kichifu, akamwita kwenye mizani.

"Vua koti na viatu, baba."

"Koti hili ni jepesi tu, mama."

Muuguzi hakubishana. Alisimama tu, akangoja. Nikamwangalia mdogo wangu, nikaona kuwa ameutambua ungojaji ule. Akavua koti, akaliweka kwenye kiti, na kiti kikalia ko! Muuguzi akaingiza mkono mfuko wa ndani, akatoa mkasi mkubwa wa kukatia na kipande cha chuma ambacho mafundi hukandamizia kitambaa.

"Hivi ni vya kujikinga na nani?"

"Na mizani," alijibu wifi.

Nilicheka mpaka nikashika benchi. Lakini mizani iliposoma, kicheko kilinikauka. Alikuwa na uzito wa msichana. Muuguzi aliandika, akampima urefu na kiuno, akamkalisha apumzike kidogo, ndipo akamfunga kile kitambaa cha presha mkononi, mara mbili.

Daktari alikuwa binti mdogo mwenye miwani mikubwa. Nilidhani ni msaidizi, nikamwuliza daktari anafika saa ngapi. Akacheka, akafunga mlango.

"Karibuni. Baba, nikuulize kwanza, unataka ndugu zako wawepo, au tubaki wawili?"

"Wabaki," alisema Nusu Inchi. "Hawa nikiwatoa watasikiliza ukutani."

"Sawa. Leo ni siku yako ya kwanza kwangu, kwa hiyo sina haraka nawe. Nitauliza mengi, na mengine utaona kama umbea. Halafu nitakupima kuanzia kichwani mpaka kwenye unyayo. Majibu mazuri siyahitaji, nahitaji ya kweli. Nisipokujua siwezi kukutibu."

Jamani! Maneno ni yale yale tuliyoyasikia miaka yote kutoka mdomoni mwake mwenyewe. Lakini mtu kukaa upande wa pili wa futi ni jambo jingine. Mdogo wangu alikunja mikono kifuani.

"Unalala vizuri?"

"Kama gogo."

"Usiku unaamka kwenda msalani?"

"Kama watu wengine."

"Maji je, kiu ikoje?"

"Ya kawaida."

"Kuna dawa yoyote unayotumia? Hata ya mizizi, hata ya kuchanganya nyumbani?"

"Hakuna."

Wifi alifungua mkoba, akatoa kopo la unga wa kijani, akaliweka mezani. "Hili lilikuwa nyuma ya pasi," alisema. Daktari alilinusa, akaandika. "Sikugombezi, baba. Ila dawa mbili zinaweza kupigana ndani ya mtu mmoja, kwa hiyo lazima nizijue zote. Sigara? Pombe? Haya. Kwenye familia, kuna mwenye kisukari? Presha? Moyo? Figo?"

"Ukoo wetu hauna magonjwa."

"Baba mzazi yupo?"

"Alifariki."

"Alifariki kwa nini?"

Nusu Inchi alinyoosha mgongo. "Alikufa amesimama."

"Kusimama si ugonjwa, baba," alisema daktari kwa upole, kisha akanigeukia mimi. "Wewe ni dada mkubwa. Mwaka wake wa mwisho alikuwaje?"

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipobanwa mimi. Mdogo wangu alikuwa mtoto wakati ule, mimi nilikuwa msichana niliyejitambua. Nilikuwa namchotea baba maji, ndoo baada ya ndoo, na hayamtoshi. Niliona sisimizi wakijaa pale alipojisaidia. Mama alikuwa anamfunga kidole cha mguu kwa kitambaa, na kidole kile kilikuwa kinanuka, nasi tukawa tunafungua madirisha bila kuulizana. Miaka yote hii nimesimulia juu ya mkasi mkononi, na sijawahi kusimulia juu ya kidole. Niliona nikisema nitamvua marehemu heshima yake mbele ya mgeni. Nikamtazama mdogo wangu, kiuno kile chembamba, nikaona kuwa nikinyamaza nitamzika naye.

Nikasema yote. Nilisema huku nalia.

"Hukuwahi kuniambia," alinong'ona Nusu Inchi.

"Sikuwahi kumwambia mtu."

Wifi akatoa ile suruali mkobani, akaigeuza ndani nje, akaiweka mbele ya daktari. Binti yule aliinama, akagusa mishono kwa ncha ya kalamu. "Huu wa kwanza ni wa lini?" aliuliza.

Nilijua atadanganya. Lakini mtu anaweza kudanganya kuhusu usingizi wake, na kuhusu maji, na hata kuhusu baba yake. Kuhusu mshono, mdogo wangu hawezi. Akakunjua mikono, akasogeza kiti.

"Mweusi ni wa majira ya sare za shule, mwaka jana, mwezi wa kwanza. Inchi moja na nusu. Wakati huo kiu ilikuwa imeanza, naamka mara mbili. Wa kahawia ni mwezi wa sita, inchi moja na robo. Hapo ndipo macho yalipoanza, sioni tundu la sindano. Huu wa kijivu ni wa wiki tano zilizopita. Inchi mbili kasoro. Naamka mara tano, na mguu ninaokanyagia pedali ya cherehani umekufa ganzi, nakanyaga nikitazama ili nijue kama nimekanyaga."

Daktari aliandika ukurasa mzima. Alipomaliza aliweka kalamu chini. "Tangu nianze kazi hii," alisema, "hakuna mgonjwa aliyewahi kunipa historia iliyonyooka hivi." Na mdogo wangu, niaminini, alitabasamu. Nami nilisikia fahari ambayo sikuwahi kuipata katika kile kisa cha mkasi. Ile ya mkasi ilikuwa fahari ya kufunika. Hii ilitoka kwa mtu aliyejifunua.

Alipimwa macho, masikio, kifua, tumbo. Akatobolewa kidole kidogo, tone la damu likawekwa kwenye kijimashine, na kijimashine kikatoa namba ya sukari iliyomfanya daktari aite muuguzi. Kisha akasema, "Soksi."

"Miguu yangu haina shida, binti yangu. Haiumi hata kidogo."

"Ndiyo maana nataka kuiona."

Alizivua. Chini ya kidole kidogo cha mguu wa pedali kulikuwa na kichwa cha pini, cha buluu, kimezama sawasawa na ngozi. Kidole kilikuwa cheusi pembeni. Pini ya dukani kwangu, ya sakafuni kwake, na alikuwa ameikanyaga siku nyingi bila kuisikia. Alivaa soksi mpya juu yake akaja kutudanganya sote. Wifi alifunika mdomo. Nusu Inchi aliushika mguu wake kwa mikono miwili, akautazama kama mguu wa mteja.

"Mngekuja baada ya wiki mbili," alisema daktari, "tungekuwa tunazungumzia mguu mzima, au tusingekuwa na wewe wa kuzungumza naye. Leo tunazungumzia kidole. Unakwenda hospitali kubwa sasa hivi."

Kidole kiliondoka. Mguu ulibaki, na mwenye mguu akabaki. Alikaa wodini siku kumi na saba, akarudi na dawa, kadi ya kliniki, miwani, na orodha ya vyakula aliyoisoma kwa ukali ule ule anaosomea vipimo. Sasa hakanyagi sakafu ya duka bila viatu, anazifagia pini kwa sumaku, na kila jioni wifi huikagua miguu yake chini ya taa huku akimtania kuwa ni mizuri kuliko uso. Suruali tano kati ya zile sita ameanza kuzifumua. Mshono wa kijivu umefunguka, wa kahawia nao. Ule mweusi bado, lakini anasema utafunguka.

Ile suruali ya mishono mitatu ameitundika ukutani dukani, ndani nje, kila mtu aione. Na ukifungua daftari jekundu, ukurasa wa kwanza kabisa, ambao aliubandika kwa gundi, una jina lake na vipimo vyake vyote. Mteja wa zamani akija, Nusu Inchi hulinganisha. Mwezi uliopita muuza nyama alipungua inchi mbili, akajisifu. Mdogo wangu alikunja futi, akasema, "Sikati kitambaa chako mpaka ulete kadi ya kliniki." Muuza nyama alitukana, akaondoka kwa kishindo. Siku ya nne alirudi, akaibwaga kadi mezani, akasema, "Haya, kata. Na ahsante."

Ndugu walipokutana tena, mmoja alianza kile kisa cha baba kufa amesimama. Nusu Inchi alimgusa begani. "Baba aliugua kisukari," alisema mbele ya wote, "na alikuwa fundi mkubwa. Yote mawili ni kweli, na watoto wetu watamwambia daktari yote mawili." Hakuna aliyecheka. Nilisimama nikampigia makofi peke yangu, na sijali.

Funzo

Enyi mlionisikiliza, msingoje kuugua ndipo mkamjue daktari. Nendeni mkiwa mnatembea. Siku ya kwanza ni ndefu, basi msiende na haraka. Mtaulizwa juu ya usingizi, choo, chakula, sigara na mambo ya chumbani, na wala si umbea. Chukueni kila dawa mnayotumia, hata ile iliyofichwa nyuma ya pasi. Kabla ya kwenda, waulizeni wakubwa wenu wazee walikufa kwa ugonjwa gani, na nyinyi wakubwa mkiulizwa msijibu kwa hadithi. Msiogope kumwuliza daktari mpaka mwelewe. Na kujivunia kutokanyaga hospitali si afya. Sisi tulijivuna hivyo, tukamzika baba.

Nami sikutaka kuwa mtu wa kuwaonya wenzangu huku nimejificha nyuma ya vifungo. Kabla sijaja kuwasimulia haya, mdogo wangu alinishonea gauni jipya. Alipoizungusha futi kiunoni, nilibana tumbo kwa mazoea, naye akasimama, akangoja, mpaka nikapumua. Nililivaa gauni hilo Jumatatu iliyopita, nikaenda kwa yule binti mwenye miwani, nikafunguliwa faili langu la kwanza nikiwa na miaka hamsini na minane. Muuguzi aliponiita kwenye mizani, nilikuwa nimekwisha vua viatu na soksi zangu.